Stempu za Sista Aneke

Dawa ya kuoshea sakafu ilikuwa na harufu iliyochoma pua, kama lami iliyochanganywa na maganda ya limau, na kila asubuhi Mama Rasoa aliimimina kutoka kwenye ndoo ya bati na kuisukuma kwa ufagio mpana kutoka mlango mmoja wa wodi hadi mwingine. Niliijua harufu hiyo kuliko nilivyoijua sakafu yenyewe. Sakafu sikuwa nimeiona. Niliingizwa wodini nikiwa nimelala chali, nikawekwa kitandani chali, na kwa wiki nyingi zilizofuata sikuona chochote kilichokuwa chini ya magodoro ya wenzangu. Nilichokuwa nacho ni dari: mbao ishirini na mbili zilizopakwa rangi ya maziwa, doa la maji lenye umbo la kuku asiye na kichwa, na waya wa taa. Nikigeuza shingo kulia niliona kipande cha juu cha dirisha, mfereji wa maji ya mvua, na ncha ya mkaratusi. Nikigeuza kushoto niliona kitanda kimoja na ukuta.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Karibu na kwetu Shinyalu kulikuwa na kituo cha kununulia majani ya chai, kibanda cha mabati chenye jukwaa la mbao ambapo magunia yalipakiwa kwenye lori. Kabla ya lori kufika, sisi watoto tulipanda jukwaani na kuruka, tukaangukia rundo la magunia matupu. Mama alikuwa amenikataza mara nyingi hadi maneno yake yakageuka kuwa sehemu ya mchezo. Tuliyaimba kabla ya kuruka. Siku ile niliruka nikiangalia nyuma, nikimcheka binamu yangu, na sikuona kwamba mtu alikuwa ameyahamisha magunia. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika. Nilipelekwa hospitali iliyokuwa upande wa pili wa mji wa Kakamega, kwenye barabara ya kwenda Malava, na huko daktari akamweleza mama kwamba mfupa ungeunga vibaya usipovutwa. Wakanifunga bendeji ya kunata mguu mzima, wakafunga kamba, wakaipitisha kwenye gurudumu dogo la chuma mwishoni mwa kitanda, na kwenye ncha ya kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga. "Wiki sita," daktari alisema. "Usiketi, usigeuke, na mtu yeyote asiuguse huo mfuko." Kisha akaondoka, nami nikasikiliza viatu vyake hadi mwisho wa baraza.

Maumivu yalipungua baada ya siku kadhaa. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kwa mtoto ambaye hakuwahi kukaa mahali pamoja hata wakati wa sala. Mgongo uliwasha pale ambapo mkono haukufika. Makombo ya mkate yaliingia chini ya shuka na kukaa huko kama changarawe. Nzi alitua kwenye vidole vya mguu uliofungwa, akatembea anavyotaka, akijua kwamba siwezi kumfikia. Choo kililetwa kitandani, na wageni wa watoto wengine waligeuza nyuso kwa adabu iliyonitia aibu zaidi ya kama wangetazama. Watoto waliingia wakiwa na homa, wakapona, wakavaa nguo za nyumbani na kuondoka, wakinipungia mkono kama watu waliopanda gari wanavyompungia aliyebaki kituoni. Mama alikuja Jumatano na Jumapili tu, kwa sababu ya chai na wadogo zangu. Siku nyingine nililia tangu asubuhi. Mama Rasoa, ambaye hakuwa na muda wa kubembeleza mtu, alisimama na ufagio wake akaniambia, "Wewe mtoto, unalianga nini kila siku? Mguu inapona. Sasa unataka kuharibu macho pia?"

Aliyepata njia ya kuninyamazisha alikuwa muuguzi mkuu wa wodi yetu, mama wa Kiholanzi ambaye sote tulimwita Sista Aneke. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa myekundu, na Kiswahili chake cha vitabu kilinyooka kuliko chetu. Saa nne, akipata nafasi ya chai, aliketi kwenye kiti karibu na dirisha langu na kusoma barua kutoka kwa mama yake. Zilikuwa bahasha za ajabu. Barua tulizopata sisi kutoka kwa mjomba Nairobi zilikuwa na stempu moja, labda mbili. Bahasha za Sista Aneke zilikuwa na sita au saba, zimepangwa kwa mstari ulionyooka, na kila stempu ilikuwa na uso wa mtu. Hapakuwa na simba wala ndege. Walikuwa wazee wenye ndevu, mabwana wenye kola za kukunjwakunjwa shingoni, mmoja mwenye kofia pana, mwingine mwenye macho yaliyochoka. Alipoona ninavyozikodolea macho, alikata kona ya bahasha kwa mkasi wa bendeji, akailoweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu juu ya kifua changu, na tukangoja pamoja hadi nyuso zikaanza kujibandua na kuelea.

Nilimwuliza kama hao walikuwa wafalme. Akacheka. Akasema huyu alikuwa mshairi, huyu mchoraji, huyu alipiga kinanda kanisani na kutunga nyimbo, na huyu mwenye macho yaliyochoka alichunguza nyota. Kisha nikamwonyesha kitu kilichonisumbua. Kila stempu ilikuwa na namba mbili, na katikati yao alama ndogo ya msalaba. Nilidhani ni msalaba wa kaburi, wa kuonyesha kwamba mtu huyo amekufa. "Hapana," alisema, "hiyo ni alama ya kujumlisha. Namba ya kwanza ndiyo inayobeba barua. Ya pili haibebi barua hata hatua moja." Akanieleza kwamba nchini kwao, tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili, posta ilitoa stempu za namna hiyo wakati wa kiangazi. Mtu alinunua kwa bei iliyozidi kidogo ile ya kawaida, na ziada ile ilikwenda kusaidia wazee, wagonjwa, na kazi za sanaa na utamaduni. Mama yake alizinunua tangu alipokuwa msichana, akazihifadhi kwenye kopo la biskuti, na sasa alikuwa akizitumia kumwandikia bintiye. Kwa kuwa zilikuwa za zamani na thamani yake ndogo, zilihitajika nyingi ili barua moja ifike Kenya. "Hawa watu walikuwa matajiri?" nikauliza. Sista Aneke akafikiri. "Wengi wao hapana. Wengine walikufa wakiwa na deni la mkate. Sasa nyuso zao zinawaombea watu wengine."

Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba watu hao waliokufa walikuwa wamesafiri kutoka mbali kuja kulala kifuani mwangu, na kwamba wao nao hawakuweza kuteremka. Mama alinipa daftari la mraba, nikawabandika humo kwa uji wa unga. Wakati huo ndipo kitanda cha kushoto kilipopata mgonjwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili kutoka Mumias, jina lake Zuhura, aliyeungua mkono wa kushoto kwa mafuta ya mandazi na alikuwa akingoja kupasuliwa ili vidole vilivyoshikana viachanishwe. Aliingia akimsalimia kila mtu wodini, kitanda kwa kitanda, kama mtu mzima. Nyanyake aliyemleta alivaa buibui na kunukia udi, na wanawake waliokuwa wakinyonyesha waligeuka kumtazama alipopita, kisha wakaitikia salamu zake kwa pamoja.

Zuhura aliweza kutembea, na hilo lilimfanya kuwa miguu yangu. Alikwenda dirishani na kunisimulia: jogoo wa mpishi amepanda juu ya tangi, mzee wa bustani analala, gari la daktari limekwama kwenye matope na sasa wanalisukuma. Alisimulia vizuri hadi nikamwonea wivu kila neno. Jioni kabla ya chakula tuliwatoa watu wangu wa karatasi na kuwapa majina. Mchoraji mwenye ndevu alikuwa mwuza nyama wa Shinyalu. Mtazama nyota alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Miongoni mwa wote kulikuwa na mwanamke mmoja tu, mwandishi, mwenye nywele zilizofungwa nyuma na kidevu kilichoinuka kidogo, kama mtu aliyekatazwa jambo na hajakubali. Huyo Zuhura hakumpa jina. Alimtazama kwa muda mrefu. "Alikuwa anaandika tu?" aliniuliza. "Hawakumwambia aoshe vyombo?" Aliniomba mwanamke yule mara tatu, na mara tatu nikamnyima, kwa sababu alikuwa mmoja na wanaume walikuwa wengi.

Ilikuwa wiki ya tano. Zilibaki siku kumi, na nilikuwa nimezichora kwa penseli ukutani nyuma ya kichwa changu. Saa kumi alasiri mbingu iligeuka rangi ya jeraha, na mvua ya mawe ikaanza. Kwetu mvua ya mawe si kitu kigeni, lakini ile ilipiga mabati kwa kishindo hadi watoto wachanga wakaanza kulia. Kila aliyeweza kusimama alikimbilia dirishani. Walipiga kelele, wakasema bustani yote imekuwa nyeupe, kama chumvi, kama unga. Kutoka nilipolala niliona tu mfereji ukitetemeka. Nilimwita Zuhura anisimulie, akanijibu bila kugeuka, "Siwezi, lazima uone mwenyewe." Nadhani alisema hivyo kwa furaha tu. Kwangu neno hilo liliingia kama msumari.

Nikamwambia aje. Nikamwambia auinue ule mfuko wa mchanga, kidogo tu, niweze kuketi na kuona. Alikataa. Alisema daktari alikataza. Nikafungua daftari, nikambandua yule mwanamke, nikamwekea Zuhura kwenye kiganja chake kizima. "Ni wako," nilisema. "Dakika moja." Alimtazama, akautazama mfuko, akaiweka stempu kwenye mfuko wa gauni lake, akaukumbatia mchanga kwa mkono mmoja na kuuinua. Kamba ililegea. Niliketi kwa mara ya kwanza baada ya siku thelathini na mbili. Kichwa kilizunguka, lakini niliona: majani ya kabichi yametobolewa, jogoo chini ya tangi, na weupe ule umetapakaa hadi kwenye ua wa michongoma, ukitoa mvuke. Nilijigeuza zaidi ili nione lango. Kitu ndani ya paja kikasogea. Nilipiga yowe, Zuhura akashtuka, mkono wake mmoja ukashindwa, na mfuko ukaanguka na kuukamata mguu wangu kwa nguvu zake zote.

Sista Aneke alifika akikimbia, daktari nyuma yake. "Nani ametoa uzito?" Wodi nzima ilitutazama. Ningeweza kusema neno lolote. Nilisema, "Ni Zuhura. Alikuwa anauchezea." Zuhura alinigeukia polepole. Hakulia wala hakujitetea. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma maandishi madogo, halafu akatazama sakafu. Siku hiyo hiyo walimhamishia wodi ya wanawake na kumkataza kuingia kwetu. Mfupa ulikuwa umeachana. Daktari aliuvuta upya, akaongeza mchanga, akaniambia tunaanza tena: wiki sita kamili. Mama Rasoa alifuta michoro yangu ya penseli kwa kitambaa, bila kuambiwa na mtu.

Siku zilizofuata ndizo ndefu zaidi nilizowahi kuishi. Kitanda cha kushoto kilibaki kitupu na hakuna aliyenisimulia lolote. Watu walinihurumia, na huruma yao ilinibana kuliko bendeji. Mama alipokuja alisikia habari, akafunga leso yake upya kiunoni na kutoka kwa hatua za haraka, aliporudi alikuwa akihema, akasema, "Nimewaambia." Sikuuliza amewaambia nini. Sista Aneke aliniletea bahasha mpya, nikamwambia macho yananiuma. Nilifunika daftari kwa mto. Nililala nikizitazama zile mbao ishirini na mbili na kila ubao ulikuwa na uso ule ule, wa Zuhura akinisoma. Niligundua kwamba hata kama mtu angeikata ile kamba na kunibeba hadi Shinyalu, nisingekuwa nimetoka.

Siku ya tisa, Sista Aneke alipokuwa akinibadilishia bendeji, nilisema. Nilisema haraka, nikiangalia dari, pamoja na habari ya stempu. Mikono yake ilisimama. Niliona shingo yake ikizidi kuwa nyekundu, nikadhani atanipiga. Alimaliza kufunga bendeji, akakata ncha, akasema, "Umeniambia mimi. Lakini mimi sikuhamishwa wodi." Kisha akamwita Mama Rasoa, na wakafanya jambo ambalo sikujua linawezekana: walifungua breki za magurudumu ya kitanda changu. Mama Rasoa alilishika gunia langu la mchanga kwa mikono miwili lisiyumbe, Sista Aneke akasukuma, na nikatoka nje kwenye baraza, kichwa kikitangulia. Niliona mbingu yote. Niliona mawingu, waya za simu, kunguru, na jua likaniingia machoni hadi yakatoka machozi. Nilikuwa nimeitamani saa hiyo kwa karibu wiki sita, na sasa nilitamani baraza lisiishe ili tusifike.

Zuhura alikuwa ameketi kitandani, nyanyake akimsuka nywele. Wanawake wote waligeuka kitanda kilipoingia. Nilisema niliyopaswa kusema, mbele yao. Zuhura alisikiliza hadi mwisho. "Mama yako alikuja hapa," alisema. "Alimwambia nyanya kwamba amelea mtoto wa shetani. Nyanya alilia. Mimi sijali ulivyosema, lakini nyanya alilia." Nyanyake hakuinua macho kutoka kwenye nywele. "Basi, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, sijui kwangu au kwa mjukuu wake. Zuhura akaingiza mkono chini ya mto, akaitoa ile stempu na kuiweka juu ya shuka langu. "Mrudishie Sista. Mtu wa kusaidia watu, wewe ulimtumia kuninunua."

Jumapili mama alikuja na obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa kienyeji, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, akifurahi, kwa sababu kuku huyo alikuwa wa mwisho na alimchinja kwa ajili yangu. Nilimweleza kabla hajafungua fundo. Alilikaza fundo lile upya. "Mwana wanje, mwanangu," alisema, "umenifanya nimtukane mama wa mtu." Alisimama na sufuria ile ile, bado imefungwa, akaenda wodi ya wanawake. Mimi sikula kuku. Nilisikia baadaye kutoka kwa Mama Rasoa kwamba mama alipiga magoti, kwamba bibi wa Mumias alimwinua kwa kiwiko na kumwambia waketi, na kwamba kuku hawakuweza kumla kwa sababu hakuchinjwa kwa kisu cha Mwislamu, hivyo walikula obusuma kwa mboga ya hospitali, wawili wao, hadi kengele ya wageni ikalia.

Zuhura aliruhusiwa kurudi wodini kwetu, lakini hakurudi kitanda cha kushoto. Alichagua cha karibu na mlango. Alipasuliwa, vidole vikaachana, akaenda nyumbani wiki mbili kabla yangu. Alikuja kuniaga. Alinionyesha jinsi anavyoweza kushika penseli kwa mkono ule, akaandika jina lake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, herufi kubwa zilizoinama. Hakusema amenisamehe na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Mfupa wangu uliunga ukiwa mfupi kidogo, upana wa kidole gumba. Mpaka leo fundi viatu wangu mjini huongeza soli upande wa kulia.

Sasa ninafanya kazi kwenye ofisi ya serikali hapa Kakamega. Mtoto anayevunjika paja siku hizi hupasuliwa, hutiwa chuma ndani ya mfupa, na baada ya siku chache yuko nyumbani na magongo, akitazama katuni kwenye simu ya mama yake. Hakuna anayengoja barua. Jirani yangu aliye na mwana ng'ambo humwona uso kila jioni kwenye kioo cha simu, na nikimweleza kwamba zamani barua moja ilihitaji washairi na wachoraji saba kuifikisha Kakamega, anadhani natania. Nimesoma baadaye juu ya stempu zile. Nimesoma kwamba ziliendelea kutolewa hata nchi yao ilipokuwa imetekwa vitani, na kwamba watu waliokuwa na kidogo bado walilipia ile namba ya pili. Nafurahi kwamba nilijua hayo kwa kidole changu kabla ya kuyajua kwa kusoma.

Lakini nikipima wakati ule na huu, kinachonishangaza si barua wala dawa. Ni zile siku tisa. Nilikuwa mtoto, nimefungwa kwa kamba na mchanga, nisiyeweza hata kumfukuza nzi, na bado nilifika kwa Zuhura baada ya siku tisa. Miaka minne iliyopita, faili moja muhimu ilipotea ofisini kwetu. Niliipoteza mimi. Walipouliza, nilinyamaza, na mwenzangu niliyeketi naye meza moja akahamishwa hadi Mautuma, mbali na mke wake na watoto wake. Nina miguu miwili, mmoja mfupi kidogo, lakini inatembea. Gari la kwenda huko huondoka stendi kila asubuhi, nami hupita karibu nalo nikienda kazini. Nimeandika haya yote hadi hapa, na bado sijaenda.